Samaki kaletwa na baba yake, lawama zimebaki kwangu

Shikamoo mama mshauri, na pole kwa kazi ya kusoma matatizo yetu.

Mimi ni mama wa miaka 34, fundi cherehani hapa Kihesa, Iringa. Nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka minane, yuko darasa la tatu. Tunaishi mimi, yeye na mama yangu mzazi. Na baba wa mtoto tuliachana miaka mitatu iliyopita, yeye yuko Dar es Salaam. Hatukuachana kwa vita, ila hata amani haikuwepo. Hela ya matumizi inakuja mwezi mmoja, halafu miwili kimya.

Naomba usicheke. Tatizo langu ni samaki.

Likizo fupi ya mwezi wa nne mtoto alikwenda kwa baba yake. Akashuka stendi amepakata chupa ya maji iliyokatwa shingo, ndani yake samaki mwekundu mwenye mapezi marefu kama shela ya bibi harusi. Anaitwa beta. Baba yake alimwambia samaki huyu hana shida, hata ukimweka kwenye kikombe anaishi, kwao wanaishi kwenye matope. Mtoto kampa jina la Mnyama, kwa wekundu wake na kwa sababu baba yake ni Simba damu. Mimi na mama yangu ni Wananchi. Kwa hiyo kila asubuhi nasikia “Mnyama, umeamkaje?” ndani ya nyumba ya Yanga. Hilo nililivumilia.

Tulimweka kwenye chombo cha kioo cha maua, kinaingia lita mbili hivi. Mwanzo alikuwa mchangamfu, akiona kidole anatanua mashavu anataka ngumi. Baridi ilipoingia mwezi wa sita akaanza kupooza. Unaijua Iringa ya miezi hii, asubuhi tukiongea tunatoa moshi mdomoni. Sasa analala chini kwenye mawe, mapezi kayabana mwilini. Kingo zimekuwa nyeusi na zimechanika kama kitambaa ambacho hakikupigwa ovaloki. Rangi imepauka. Leo siku ya nne hali.

Sikukaa bure. Kila Jumapili namwaga maji yote, naosha chombo kwa sabuni ya unga mpaka king’ae, naweka maji mapya ya bomba. Chakula namrushia punje za wali au mkate. Mama yangu hujaza maji mpaka juu na kufunika na sahani usiku kwa sababu ya paka. Shoga yangu kaniambia nifungue kidonge cha rangi mbili nimwage humo ndani. Hiyo sijafanya bado.

Wiki mbili zilizopita niliingia mtandaoni, nikakuta kumbe anatakiwa tangi la lita 20, maji ya nyuzi 26, hita na filta. Nikampigia muuzaji wa Dar, akanitajia vyote kwa pamoja laki moja na themanini, bado nauli ya mzigo. Mama, hiyo ni sare mbili za shule na viatu, na chenji inabaki ya mchele. Nikampigia baba yake. Akacheka. “Samaki wa elfu kumi na tano unataka umjengee nyumba?” Nikakata simu.

Jioni ile ile nikamsikia mwanangu anaongea na baba yake kwa simu ya bibi. Alisema, “Mama hampendi Mnyama, ndiyo maana anaumwa.” Hayo maneno yameniingia mpaka leo.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku wa Jumatano umeme ulikatika. Niliamka saa nane, nikammulika kwa tochi ya simu. Alikuwa amelala ubavu. Mama, nilijisikia ahueni. Nikasema moyoni, afe tu, yaishe. Kisha nikagusa kioo, akashtuka, akapanda kuvuta hewa, akashuka tena. Nikakaa pale mpaka adhana ya alfajiri, na mimi wala si Mwislamu, nalia na sijui nalilia nini.

Mama yangu anasema samaki ni kitoweo, na huyu hata mchuzi hatoshi. Dada yangu anasema kuna mtu anakwenda Dar wiki ijayo, atuletee mwekundu mwingine, mtoto akiwa shule tunabadilisha, hatajua. Jirani anasema nikamwachie Mto Ruaha Mdogo ajitafutie. Mimi nimewaza kumrudisha kwa basi, aliyemleta amlee. Na kuna sauti inasema nikope kikoba ninunue hivyo vitu. Mama, mtu mzima unasimamaje mbele ya wanakikoba ukasema unakopa kwa ajili ya samaki?

Nifanye nini? Na mimi ni mama wa namna gani, ninayeombea kiumbe cha mtoto wangu kife?

Mama wa Mnyama, Iringa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Sikucheka. Nilitabasamu pale kwenye Mnyama kuamkiwa nyumbani kwa Wananchi, basi.

Una mambo matatu yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna samaki mgonjwa. Kuna mtoto anayesema humpendi samaki wake. Na kuna mwanamume aliyetoa zawadi akakuachia kuilea, kisha akacheka ulipoomba msaada. Nahisi ukikitazama kile chombo cha kioo unawaona wote watatu humo ndani, ndiyo maana lita mbili za maji zinakuelemea. Tuwatoe mmoja mmoja, na tuanze na samaki, kwa sababu yeye hana subira ya gazeti.

Hapa sisemi vya kusikia. Niliwahi kufuga beta, na wa kwanza nilimuua kwa usafi kama unavyotaka kufanya wewe. Kabla ya kukujibu nimemuuliza tena mtu anayefuga samaki wa mapambo miaka mingi. Usiku huu huu, bila shilingi, unaweza kufanya haya. Kiondoe chombo dirishani na sakafuni, kiweke mezani katika chumba chenye joto, mbali na moshi wa mkaa, ukizungushie blanketi ubavuni. Kisha kikalishe ndani ya beseni lenye maji ya uvuguvugu mdogo, joto lipite kwenye kioo polepole, nyuzi moja au mbili kwa saa. Usimmwagie maji ya moto humo ndani, mshtuko wa joto unaua kama baridi. Wali na mkate acha kabisa. Usimlazimishe kula: samaki hana joto lake mwenyewe, maji yakipoa tumbo lake nalo linasimama, na siku nne bila chakula si ndizo zitakazomuua. Mwambie bibi apunguze maji, abakishe nafasi ya vidole vinne juu, na badala ya sahani aweke kipande cha chandarua amefunga na mpira. Paka hatapita, hewa itapita.

Rangi mbili usiiguse. Ile ni dawa ya watu, kipimo chake kwa samaki wa gramu chache hukijui, na itaua hata bakteria wanaomsaidia. Kingo kuwa nyeusi na kuchanika ni kuoza kwa mapezi, na kama hakujafika mwilini, mara nyingi hutulia kwa maji safi yenye joto. Mapezi huota upya, mwanzo yakiwa meupe kama nailoni.

Sasa nirudi kwa yule bwana aliyesema beta anaishi kwenye matope. Hakukudanganya, alisikia nusu. Samaki huyu kwao ni Thailand, wanamwita pla kat, samaki anayeuma, na mwaka 2019 nchi yao ilimtangaza kuwa kiumbe wa majini wa taifa. (Mwambie bibi anamfunikia sahani mheshimiwa.) Huko porini hukaa kwenye vinamasi na majaruba ya mpunga. Wewe ni mtu wa Iringa, majaruba ya Pawaga unayajua: maji ni mafupi kweli, lakini jaruba ni pana, jua linalipiga mchana kutwa, na samaki akichokozwa anaondoka. Lile jambo la kuishi kwenye kikombe linatokana na kiungo alichonacho kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kama kambare na kamongo wetu. Umeona kambare sokoni kwenye beseni, maji yamebaki ya kulowesha tumbo, yuko hai tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna anayemtazama akasema pale ndipo kambare anapopenda kukaa.

Na wewe umefanya kosa ambalo hufanywa na watu wenye bidii, si wavivu. Samaki hutoa uchafu unaogeuka kuwa amonia, na amonia ni sumu inayochoma mashavu na mapezi. Katika maji mengi yaliyokaa wiki nne mpaka sita, bakteria wema huota kwenye mawe na kwenye filta, wakaigeuza amonia kuwa kitu kingine ambacho bado ni kikali, kisha kuwa kitu cha tatu ambacho samaki anakivumilia. Wewe kila Jumapili unawaua hao bakteria wote kwa sabuni ya unga, ambayo mabaki yake nayo ni sumu, halafu unamtumbukiza kwenye maji ya bomba ya baridi yenye klorini. Akipata nafuu siku mbili, amonia inaanza kupanda tena, na Jumapili inarudi. Si kwamba hukumjali. Ulimtunza kama unavyotunza vyombo.

Kwa hiyo kuanzia sasa hakuna sabuni. Toa theluthi ya maji kila baada ya siku moja, weka mengine yaliyokaa ndoo wazi usiku na mchana ndani ya nyumba, ili klorini iruke na joto lilingane. Ukiweza kupata kichupa cha dawa ya kuondoa klorini ni bora zaidi, kwa sababu kuna aina ya klorini isiyoondoka kwa kukaa wazi tu.

Nije kwenye ile laki na themanini. Hapa nataka nikuulize: nani alisema lazima uvinunue vyote, na kwa mtu mmoja, na kwa mara moja? Muuzaji anauza, hiyo ndiyo kazi yake. Kinachotakiwa ni maji ya kutosha, si kioo. Ndoo ya lita 20 ambayo haijawahi kuwekwa sabuni wala dawa inamfaa, au lile boksi la plastiki linaloonyesha ndani ambalo watu huwekea nguo. Lita 20 zinapoa polepole kuliko lita mbili, umeme ukikatika saa nane usiku unapata muda wa kulala, na uchafu wa samaki mmoja unapotea humo. Filta inaweza kusubiri kama utabadilisha theluthi ya maji mara mbili kwa wiki. Siku ukiipata, chagua ile ya sponji inayosukumwa na pampu ndogo ya hewa, maana maji yakikimbia sana yale mapezi marefu yanamwelemea kama mtu aliyevaa gauni refu kwenye upepo. Mfuniko ni lazima, beta huruka.

Kwa mtu wa Dar hita ni hiari karibu mwaka mzima. Kwa Iringa ya mwezi wa saba sioni pa kuikwepa, nakwambia kweli. Beta anataka nyuzi 24 mpaka 28. Hita ya wati 50 ikiwaka nusu ya siku inakula kama uniti 18 za LUKU kwa mwezi. Kama mita yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo la uniti 75, angalia zisije zikakuvusha mpaka, kwa sababu hapo bei itakuuma kuliko hita yenyewe. Ukifunga ndoo kwa blanketi zitapungua. Na mtoto ajue: hakuna mkono majini kabla ya kuchomoa waya, na hita isiwashwe ikiwa nje ya maji, kioo chake hupasuka.

Chakula: kopo dogo la punje za beta, tatu au nne asubuhi, tatu au nne jioni, na kopo hilo linakwenda miezi. Huyu ni mla wadudu. Viluwiluwi vya mbu kwake ni pilau, lakini uvichote kwenye maji ya mvua yaliyokwisha kuwapo, usije ukafuga mbu nyumbani kwa ajili ya samaki.

Nimekupa haya yote si kwa sababu nimekuamulia. Unaweza kuyasoma ukasema, mama, mimi na cherehani yangu sina nafasi hiyo, na nitakuelewa. Ila nilitaka uamue ukiwa na bei ya kweli mkononi, si ile bei iliyokutisha. Hita na kopo la chakula si laki na themanini. Kama utakopa kikoba au hutakopa, hilo wewe unaijua mifuko yako. Mimi ningeogopa zaidi deni linalokufanya umchukie samaki kila siku ya marejesho.

Sasa dada yako na wazo lake la kubadilisha. Najua linatoka kwenye upendo. Lakini ana hakika gani kwamba hatajua? Mtoto anayemwamkia samaki kila asubuhi anajua ni pezi lipi limechanika na ni upande gani. Akigundua, hatahesabu kwamba ulitaka kumwepusha na machozi; atajiuliza ni kitu gani kingine ndani ya nyumba hii kimebadilishwa akiwa shule. Na huyo ni mtoto ambaye nyumba yake ilishabadilika mara moja, akiwa na miaka mitano. Isitoshe, mwekundu mpya akiingia kwenye maji yale yale ya baridi, mwezi wa nane utaniandikia tena. Wapo watoto ambao mzazi alibadilisha na hawakujua mpaka wakawa watu wazima, wakacheka. Inategemea mtoto, na wewe unamjua wako.

Mto Ruaha Mdogo, hapana kwa moyo wote. Kwa baridi hii angekufa siku chache, na kama ana ugonjwa ameuacha majini, na maji hayo mwisho wake ni Mtera, wanakokula kambare na perege watu wengi. Sisi tuna somo letu la Ziwa Victoria: sangara walipandikizwa miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi wakapotea. Beta mmoja si sangara, nakubali. Lakini jirani yako asiyazoee mawazo hayo.

Kumrudisha Dar kwa basi hilo lina mantiki, na lina miiba miwili. Wa kwanza, mgonjwa huyu anasafirishwaje kutwa nzima kwenye chupa wakati kusimama tu anashindwa? Angetakiwa apone kwanza, ndani ya boksi la foamu, maji nusu na hewa nusu. Mwiba wa pili ni ujumbe. Ukimrudisha, unamrudisha nani kwa nani? Mtoto anaweza kuona kwamba vitu vinavyotoka kwa baba havikai kwa mama. Lakini pia inawezekana mkakaa watatu kwa simu, mkasema baridi ya Iringa haimfai Mnyama, akae kwa baba kwenye joto, ukimfuata likizo unamkuta. Huo ni ukweli, wala hauna aibu. Tofauti iko kwenye kama mtoto ameshirikishwa au amekuta ndoo tupu.

Na huyo baba. Sitamtetea kicheko chake. Ila nikuulize, ulipompigia ulimwomba nini hasa? Nimeisoma barua mara mbili. Nahisi ulimpa bei, na yeye akasikia shauri la kale la matumizi. Ningependa ujaribu kumwomba kitu kidogo ambacho hakihusiani na pesa. Dar kuna miti ya mkungu, ile inayozaa kungu, kila mtaa wa pwani. Majani yake makavu yaliyodondoka yenyewe yanatafutwa na wafugaji wa beta dunia nzima. Ukiyaosha na kuweka jani moja kwenye ndoo, maji yanakuwa rangi ya chai na husaidia kuzuia vijidudu vinavyoshambulia mapezi. Huko Ulaya wanayanunua kwa pakiti. Mwache mtoto ndiye ampigie: “Baba, niokotee majani ya mkungu kumi, makavu, yasiyo karibu na barabara, uyaweke kwenye basi.” Anaweza kuyatuma. Anaweza asiyatume, na hilo nalo linaumiza, usimpe mtoto ahadi kwa niaba yake. Lakini mtu aliyeokota majani kwa ajili ya samaki kidogo kidogo anaanza kuwa mfugaji mwenzako.

Sasa ile kauli, “Mama hampendi Mnyama.” Umeisikia kama mashtaka yaliyopelekwa kwa hakimu wa Dar. Labda ni hivyo. Lakini mtoto wa miaka minane akiona kitu anachokipenda kinaumwa, anatafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni mtu anayebadilisha maji. Hajui nyuzi wala klorini. Na wewe ulikuwa hujui. Ungemwambia, “Mimi na wewe tulikuwa hatujui kwamba baridi inamuumiza, sasa tumejua,” halafu ukampa kazi ya kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari, nadhani ungeona kama kauli hiyo inabaki au inaondoka yenyewe. Kipimajoto kiwe cha maji, kile cha kwapani kinaanzia nyuzi 35 hakitakusaidia. Wala mkono usiuamini: maji unayoyasikia ya uvuguvugu kiganjani tayari ni ya moto kwake, yale ya nyuzi 26 utayasikia kama yamepoa kidogo.

Na umwambie mapema kwamba anaweza asipone. Beta huishi miaka miwili hadi minne, na dume mwenye mapezi marefu kiasi hicho alikuwa mtu mzima tayari siku aliponunuliwa. Mnaweza kufanya yote sawasawa na bado asubuhi moja mkamkuta. Akifika mahali hapandi tena kuvuta hewa, muulize daktari wa mifugo. Wapo wanaomlaza samaki bila maumivu kwa mafuta ya karafuu, na hilo si la kulifanya kwa kubahatisha.

Nimeuacha usiku wa Jumatano mwisho, sijausahau. Umeniuliza wewe ni mama wa namna gani. Mimi sikuwepo, ninayo barua tu, na barua inasema kulikuwa na mtu amechoka, umeme hakuna, baridi ya saa nane, zawadi ya mtu mwingine iko mikononi mwake inakufa, na akatamani iishe. Ahueni uliyoisikia sidhani ilikuwa ya samaki kufa. Huenda ilikuwa ya kitu kimoja, angalau kimoja, kupungua kwenye orodha. Uguzi wowote mrefu una usiku kama huo. Wanaouguza wazazi wao wananiandikia hivyo hivyo, wala hawatii sahihi. Na barua yako inasema pia kwamba uligusa kioo. Kisha hukurudi kulala.

Kama utamwambia mwanao habari ya usiku huo, sioni haraka. Ana miaka minane. Lakini mtu mmoja mzima anatakiwa aisikie kwa mdomo wako, si kwa barua. Bibi anayesema samaki ni kitoweo, nimegundua ndiye anayemfunika usiku, paka asimle. Jaribu kuanzia kwake.

Ukipata kipimajoto, kitie majini usiku, mtoto akisome saa kumi na mbili asubuhi kabla ya shule, kisha niandikie kilisoma ngapi.